Baada ya sindano ya mwezi: wasomaji wauliza kuhusu tiba ya mazungumzo

Barua tatu nilizopokea mwezi huu, moja kutoka Lamu na mbili kutoka pande za Malindi, zimegusa jambo moja, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Majina na alama zinazoweza kuwatambulisha waandishi nimeziondoa. Neno saikosisi linalojitokeza humu lina maana ya hali ambayo mtu hupotewa na mpaka baina ya yaliyomo akilini mwake na yaliyoko nje: husikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, hushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuitikisa, au maneno yake huvurugika yasishikamane. Skizofrenia ni mojawapo ya maradhi yanayoileta hali hiyo, wala si peke yake.

SWALI: Bi. Mshauri, assalaam aleikum. Ndugu yangu mdogo ana miaka 24. Mwaka juzi alianza kukesha, akawa anazungumza peke yake juu darini, akidai kuwa majirani wameweka kitu ukutani kinachosoma mawazo yake. Tulimsomea, tukampa kombe, mwisho tukampeleka Mombasa, akalazwa wiki tatu. Tangu hapo anachomwa sindano kila mwezi na kupewa vidonge vya kuzuia kutetemeka. Sauti zimepungua lakini hazijakwisha, na yeye hashughuliki na lolote. Hulala mpaka adhuhuri, kisha hukaa kwenye daka akitazama chini. Zamani alikuwa fundi wa kudarizi kofia. Sasa ana kofia moja aliyoianza kabla ya kuugua, na mpaka leo haijaisha. Kliniki nayo haizidi dakika tano: "Analala? Anakula? Haya, sindano." Nimesikia kwamba ng'ambo wagonjwa kama yeye hutibiwa pia kwa mazungumzo, na jamaa zao hufundishwa. Je, ni kweli, au ni mambo ya matajiri? Na kama ni kweli, mtu wa Lamu ayapate wapi? — Dada wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Ni kweli, ingawa hata huko kwa matajiri hayapatikani kirahisi kama unavyodhani. Nchini Uingereza taasisi iitwayo NICE, ambayo kazi yake ni kuandika miongozo ya tiba, iliagiza katika mwongozo wake wa 2014 kwamba kila mtu mzima mwenye saikosisi au skizofrenia apewe, pamoja na dawa, tiba ya utambuzi na tabia, ndiyo hiyo ya mazungumzo, ya vikao visivyopungua 16, na kwamba jamaa wanaoishi naye au walio karibu naye wapewe tiba ya familia ya vikao visivyopungua 10 katika muda wa miezi 3 hadi mwaka 1. Ushauri wa namna hiyo ulikuwapo hata kabla ya mwongozo huo. Lakini tume iliyochunguza huduma za skizofrenia nchini humo ilieleza mwaka 2012 kwamba katika kila watu 10 ambao wangefaidika na tiba ya utambuzi na tabia, aliyeipata kwa ukamilifu wake ni 1 tu. Vidonge hubebwa kwenye boksi na kufika popote penye barabara au gati, ilhali tiba hii humhitaji mtu aliyefunzwa, kiti, chumba tulivu na saa nzima, tena wiki hata wiki, na hivyo ndivyo vitu ambavyo hospitali za umma huwa navyo vichache kuliko vyote.

Ngoja nikueleze kinachofanyika ndani ya chumba hicho, kwa sababu neno "mazungumzo" huwapotosha watu wakadhani ni nasaha. Anayeitoa tiba hii hamwambii mgonjwa kwamba sauti anazozisikia ni uongo, wala hakubaliani naye kwamba ukuta unasoma mawazo. Humuuliza mambo madogo madogo. Sauti ni ya mwanamume au ya mwanamke? Huja saa ngapi? Ukiwa peke yako au mbele za watu? Ukiweka redio sikioni hupungua au huzidi? Miaka yangu ya wodini nilipata kumhudumia kijana mvuvi aliyekuwa akisikia watu wawili wakimtukana. Tulimpa karatasi yenye mistari ya saa, naye akawa anatia alama ya penseli kila wanapoanza. Baada ya wiki tatu alama zilikuwa zimerundikana mahali pawili, alasiri anapokuwa na njaa na shavu limejaa miraa, na asubuhi zinazofuata usiku wa kukesha baharini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliona hilo. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi tu. Alipobadilisha zamu ya kuvua na kupunguza miraa, sauti moja ilinyamaza. Ile ya pili ilibaki, naye akazoea kuiambia imngoje mpaka baada ya isha, na mara nyingi ikifika isha alikuwa amekwisha kulala.

Sitakuficha kwamba faida ya tiba hii, inapopimwa kwa wagonjwa wengi kwa pamoja, ni ya wastani. Kuna wanaopata nafuu kubwa na kuna wasioona tofauti. Wala haichukui nafasi ya sindano: mtu asimkatishe ndugu yako dawa kwa kuwa amepata wa kuzungumza naye, kwani dawa ikikatwa ghafla maradhi huweza kurudi kwa nguvu.

Kwa nyumba kama yenu, mimi ningeanza na tiba ya familia, maana ushahidi wake katika kuzuia maradhi yasirudi ni imara zaidi. Asili yake ni jambo lililogunduliwa London katika miaka ya 1950 na 1960, pale George Brown na wenzake walipowafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali. Waliona kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, au zenye mtu anayewalea kupita kiasi kama watoto wachanga, walirudiwa na maradhi zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Tafadhali usilisome hilo kuwa ni kusema kwamba familia ndiyo iliyomwuguza. Lawama nyingi hutokana na uchovu na kutojua, na yote mawili yana dawa. Katika vikao hivyo mgonjwa na jamaa hukaa pamoja, huelezwa maradhi ni nini na dawa hufanya nini, hutaja dalili za mwanzo za kurudiwa, ambazo kwa wengi ni kukosa usingizi na kujitenga, na hujifunza namna ya kuombana na kukatazana bila kupandishiana sauti.

Chukua mfano wa huko kulala mpaka adhuhuri. Sehemu yake ni maradhi yenyewe, ambayo humwondolea mtu hamu ya kufanya jambo, na sehemu nyingine huenda ni dawa. Kwa hiyo siku ya sindano mwombeni daktari akitazame kipimo upya, na mumtajie pia ugumu wa shingo, ulimi mzito au kutetemeka kama bado kupo. Uvivu haumo katika hesabu hiyo. Mama akisimama mlangoni na kusema, "Wewe kazi yako ni kulala tu, wenzako wanajenga," kijana husikia sauti nyingine ikiungana na zile alizonazo. Maneno yaliyo mepesi kubebeka ni kama haya: "Kesho saa nne nataka twende sote Mkunguni kununua samaki, unibebee kikapu." Yana saa, yana mahali, yana kazi moja, na yakitimizwa humpa mtu sababu ya kuambiwa ahsante.

Na ile kofia, mwanangu, imenikaa moyoni. Msimwambie aimalize. Mwekeeni sindano, uzi na kofia mahali penye mwanga, mkubaliane naye idadi ndogo ya vito, yaani vile vitundu vya kudarizi, kwa siku, hata vitano, na akivifikia aache hata kama anataka kuendelea. Ufundi wa mkono aliokuwa nao kabla ya kuugua huwa hauondoki wote, na kwa mtu mwenye saikosisi kurudi kwenye kazi anayoijua ni sehemu ya tiba sawasawa na kidonge. Msingoje apone ndipo apewe kazi.

Sasa, wapi? Anzeni hapo hapo kisiwani, katika Hospitali ya King Fahd, na muulize kwa majina ya kazi, kwa sababu anayeuliza "kuna msaada mwingine?" hujibiwa "hakuna". Ulizeni kama kuna muuguzi wa afya ya akili, mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na afisa wa ustawi wa jamii, na siku gani kila mmoja anapatikana. Mkiambiwa hakuna, basi siku mnayokwenda Mombasa ombeni kikao cha familia kiwekwe siku ile ile ya kuonana na daktari. Mashua mpaka Mokowe na basi kupitia Witu, Garsen na Malindi ni safari ya kutwa, na kuwaambia watu wa Lamu waje mara mbili kwa mwezi ni sawa na kuwaambia wasije. Ulizeni pia kama vikao vinavyofuata vinaweza kufanywa kwa simu. Muuguzi mwenye moyo hukubali.

Tena si lazima kila jambo lifanywe na bingwa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao mhGAP, unaowafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kuyatibu maradhi ya akili, saikosisi ikiwamo, na mwongozo wake unataja wazi kuielimisha familia na kumrudisha mgonjwa kazini. Nchini India utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wa mtaani waliofunzwa, wakiwatembelea wenye skizofrenia nyumbani huku wakisimamiwa na wataalamu, huwapunguzia dalili na udhaifu wa kujifanyia mambo, ingawa kwa kiasi. Ethiopia nayo, jirani yetu, ilijaribu jambo hilo katika wilaya ya vijijini ya Sodo kwa muda wa mwaka mmoja, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha nafuu. Kwa hiyo mkaribisheni mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu, mwelezeni hali ilivyo, mwende naye kwa muuguzi.

Kuhusu haki, Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ilivyorekebishwa mwaka 2022 inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili katika jamii na katika vituo vya ngazi ya chini. Bajeti ni habari nyingine, lakini mkienda kwa mwakilishi wa wadi mkiwa jamaa watano wenye wagonjwa wa namna hii, mna sheria mkononi. Kama mmejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ulizeni kwenye dawati lake ni huduma gani za akili zinazolipiwa katika hospitali hiyo, kabla ya kutoa pesa mfukoni. Na mkimpata mshauri wa kulipwa, mwombeni awaonyeshe usajili wake, kwani tangu 2014 kazi hiyo ina sheria na bodi yake, na asiyetaka kuonyesha cheti muageni.

SWALI: Mama Mshauri, hodi. Kijana wangu wa miaka 27 alianza na bangi, akaingia kwenye unga. Sasa anasikia amri. Kliniki ya akili imeniambia aache kwanza dawa za kulevya ndipo aje. Mahali pa kuachisha dawa za kulevya wameniambia atibiwe akili kwanza. Nimekwenda na kurudi mara nne. Mlango wangu ni upi? — Baba wa Barani, Malindi

JIBU: Karibu, Bwana. Umechezewa mpira usio wako, na hilo ni kosa la huduma wala si lako. Mwongozo wa Uingereza wa 2011 kuhusu watu wenye saikosisi wanaotumia pia dawa za kulevya unasema bayana kwamba mtu asinyimwe tiba ya akili kwa sababu anatumia, wala asinyimwe tiba ya uraibu kwa sababu ana saikosisi. Sababu yake ni nyepesi. Kijana asiyelala na anayesikia amri hawezi kushikilia azma ya kuacha, na anayeendelea kuvuta bangi kila siku, hasa iliyo kali, huzichochea zile zile sauti ambazo dawa inajaribu kuzituliza. Ukingoja kimoja kiishe, vyote viwili vitaendelea kulishana.

Malindi mna bahati ambayo miji mingi ya pwani haina: kliniki ya methadoni ilianza hapo mwaka 2015. Fahamu lakini kwamba methadoni hutibu uraibu wa heroini, yaani ule unga, na jamaa zake tu. Haigusi bangi, wala haizimi sauti. Fahamu pia kwamba baadhi ya dawa za saikosisi zikichanganyika na methadoni huweza kuuvuruga mpigo wa moyo au kumzidishia mtu usingizi. Kwa hiyo ni lazima kila upande ujue upande wa pili unampa nini.

Nunua daftari moja la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza andika dawa zote, vipimo vyake na saa zake, pamoja na alichovuta au kujidunga na mara ya mwisho ilikuwa lini, bila kuficha. Kila unapokwenda, upande wowote, mwombe anayekuona aandike alichoamua na atie jina na sahihi. Nimeona daftari la namna hiyo likifanya kazi ambayo barua za rufaa hazikuifanya, maana tabibu akikuta maandishi ya mwenzake huona haya kumrudisha mtu mikono mitupu. Kisha omba jambo moja mahususi, kwamba wahudumu wa pande zote mbili wazungumze kwa simu ukiwa umekaa hapo. Ni dakika kumi. Ukikataliwa, panda kwa msimamizi wa hospitali na daftari lako.

Katika mazungumzo yako naye nyumbani, acha kwa sasa kumwapisha kwamba hatavuta tena. Muulize bangi humpa nini. Wengi hujibu kwamba huwasaidia kulala, au huwaondolea woga wa zile sauti, na hapo unapata jambo la kumpelekea tabibu: usingizi na woga vinatibika kwa njia nyingine. Huo ndio mwanzo wa tiba yenyewe wanayoifanya waliofunzwa. Humfuata mtu kwa yale anayoyataka mwenyewe, na kupunguza huhesabiwa kuwa ni hatua.

Lakini umeandika neno "amri" bila kueleza. Kama sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, usingoje daftari wala miadi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akisindikizwa na watu wawili anaowaamini, na sema sentensi hiyo ya amri pale mapokezi kabla ya kusema jingine lolote.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Huletewa vijana waliopotewa na akili niwasomee, na wengine huja wamefungwa kamba. Daktari mmoja aliniambia niache kabisa kwa kuwa ninawachelewesha. Nifanyeje? — Mwalimu, Mambrui

JIBU: Maalim, shikamoo. Sikubaliani na daktari huyo kwa neno lake la "kabisa". Familia huja kwako kwanza kwa sababu wanakuamini na kwa sababu mlango wako uko karibu, na ukiufunga watakwenda kwa mwingine ambaye huenda asiwe na huruma yako. Kisomo humtuliza mtu, na kombe la zafarani na marashi halizuii kidonge kufanya kazi. Huko Makueni watafiti waliwakalisha pamoja waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ili wajadiliane namna ya kupelekeana wagonjwa, na pande zote zilikuwa na la kusema. Wewe na muuguzi wa kituo kilicho karibu nawe mnaweza kuanza na namba za simu tu.

Ninachokuomba ni vitu vichache. Usimwambie mtu aache dawa ili kisomo kifanye kazi. Asipigwe kwa nia ya kumtoa jini, wala asinyimwe chakula. Kamba ifunguliwe mbele yako kabla ya kisomo, kwani kumfunga mtu ni kumvunjia heshima aliyopewa na Mola wake na inayolindwa na Katiba yetu ya 2010, na zaidi ya hayo humfanya amwogope kila atakayekuja kumsaidia baadaye. Uliza kila anayeletwa amekosa usingizi kwa siku ngapi, kama ana homa, kama amepata kuanguka kifafa, na kama ni mwanamke, amejifungua lini, kwa sababu anayechanganyikiwa katika siku za mwanzo baada ya kujifungua yumo hatarini, yeye na mtoto.

Kisha baki naye. Hospitali ikimrudisha nyumbani na sindano ya mwezi, mpe nafasi chuoni: kupanga misahafu, kufagia uwanja, kuwashikia wadogo mbao zao. Na anayeletwa usiku akiwa hajalala siku tatu mfululizo, msomee aya chache, umtafutie gari la hospitali usiku huo huo. Kisomo kirefu kitamngoja arudi.